Kadi Tatu za Maduhu

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Maduhu,

Leo umenisalimia redioni! Miezi minne tangu tukuzike, na Davis Marwa anasoma kadi yako kama kawaida: Maduhu muuza dagaa wa Katoro anamsalimia mkewe Mama Nelly, popote alipo. Popote wapi? Nilikuwa jikoni nageuza chapati. Ikaungua.

Kumbe zile kadi za salamu ulizojaza ukiumwa ulizituma zote. Nilidhani unajiliwaza tu.

Huyo Davis sijawahi kumpenda. Kwenye TV anavaa miwani ya jua ndani ya studio. Anacheka kabla utani haujaisha. Na wewe akianza kipindi ulinyamazisha nyumba nzima — hata mama yako! Lakini leo nimemwongezea sauti.

Jumatano, 3 Septemba

Tena! Umemsalimia dada yako Nyamizi kule Nkome, na kumkumbusha asianike dagaa wingu likitanda. Kanipigia, analia huku anacheka. Eti Davis aambiwe, marehemu hatumi salamu. Nikamuuliza, akiambiwa si ataacha kuzisoma? Akapenga kamasi: basi wifi, tungoje kidogo.

Ijumaa, 5 Septemba

Kesho Davis anatangaza kutoka sokoni kwetu. Jirani Rhoda anasema niende nikamwambie, la sivyo watu watadhani mume wangu katoroka na mwanamke wa machimboni! Tumecheka mpaka mbavu zikauma.

Nimepiga pasi lile gauni la bluu.

Jumamosi, 6 Septemba

Kumbe Davis mfupi! Mfupi kabisa, na jasho linamtiririka. Kasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", kwenye kipaza sauti, soko zima likaitikia. Halafu: Maduhu yuko wapi? Kadi zake zimebaki tatu, leo nataka azisome mwenyewe!

Watu wote wakanigeukia.

Akaweka wimbo, akaja kwenye meza yetu ya dagaa. Nikamwambia. Taratibu tu, kama ninavyompimia mteja dagaa. Akavua miwani. Ana macho madogo, ya huruma. Akasema: shikamoo mama, pole. Akanipa zile kadi tatu, nichague. Nizisome leo zote, aendelee kuzisoma mojamoja, au nibaki nazo? Niamue wimbo ukiisha.

Naandika daftari likiwa nyuma ya kopo la kupimia. Kadi ziko mapajani, zimefunikwa kifudifudi. Zikisomwa leo, kesho nitafungua redio kusikiliza nini?

Sijazigeuza. Wimbo unaisha. Davis ananitazama, kipaza sauti mkononi.

Maduhu, huko uliko, unikumbuke.