Mguu wa Injini

Suneka,
Jumatano, 12 Machi 2025.

Kwako Kaka Job,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile jeraha la juu ya jicho limefunga. Mimi sina ugonjwa. Baba naye ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo humsumbua kila mvua inapokaribia. Mama angali Nyamira akimuuguza Nyanya. Anasema Nyanya sasa anakunywa uji akiwa ameketi na ameanza tena kuwagombeza watu, kwa hiyo tunashukuru.

Nimekupigia simu mara nyingi hukupokea. Sikulaumu. Ndiyo maana nimeandika, nimpe Orpah anayepeleka ndizi Homa Bay akukabidhi mkononi.

Matokeo yetu ya Kidato cha Nne yalitoka. Fizikia nilipata B. Baba alisema vyema, kisha akaendelea kunoa panga. Ungekuwepo ungepiga kelele hadi majirani waje. Siku hizi napika mboga ya chinsaga ya watu wawili, na nusu yake inabaki. Naweza kumaliza siku nzima bila kuisikia sauti yangu, ila ninapowafukuza kuku kwenye wimbi nililoanika uani.

Ile injini ya boti yako iliyovunjika iko stoo, imefunikwa gunia. Sokoni hawajaacha kutania. Wanamuuliza Baba kama anangoja ziwa lipande hadi Suneka, na Nyabuto kinyozi alimshauri aifunge kwenye mashine ya kusaga unga ili tusikose faida. Baba hucheka nao, lakini nimeona sasa anarudi nyumbani kwa njia ya chini, ile isiyopita sokoni.

Wiki iliyopita Baba mdogo Bosire alikuja kukuombea. Alimwambia Baba kwamba mtoto hatupwi kwa sababu ya chuma. Baba alijibu kwamba chuma si kitu, na hata ng'ombe aliyeuzwa si kitu, ila hawezi kukaa na mwana aliyetoa kipimo kibaya kisha akamsingizia dada yake mbele ya wazee. Alisema hutakanyaga hapa hadi ukiri. Bosire aliondoka bila kumaliza chai. Halafu Orpah akaniambia unatafuta mtu wa kuinunua boti, uvuke kwenda upande wa Tanzania na usirudi tena. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Kaka, hukuwahi kuelezwa kilichotokea dukani. Ulipotaka kuiacha ile injini ndogo ya nguvu za farasi sita uchukue ya kumi na tano, ili ndizi zifike visiwani kabla hazijaiva, Baba alifurahi kuliko alivyokuonyesha. Ng'ombe alikuwa wake, kwa hiyo hakutaka mtu mwingine aende kununua. Alivaa koti la kanisani. Njia nzima hadi Kisii mjini alinieleza kwamba mwanawe ataipita kila boti ziwani. Kaka, Baba hajawahi kupanda boti.

Muuzaji alituonyesha injini mbili za nguvu sawa, akagusa mguu, ile sehemu inayoshuka majini na rafadha yake, akauliza kama tunataka mfupi au mrefu. Baba alijibu papo hapo kwamba ni mrefu. Alisema hata mto Gucha ukitaka kuuvuka unakata fimbo ndefu, sembuse ziwa zima. Watu waliokuwa dukani walicheka, wakasema mzee huyu anajua mambo, naye akasimama wima kama kijana. Kisha muuzaji akanigeukia, akauliza kwa utani kama binti wa shule ana la kuongeza.

Nilikuwa nalo. Kaka, wewe unadhani labda sikukusikia vizuri ulipopiga simu siku iliyotangulia. Nilikusikia. Ulisema ubao wa nyuma wa boti una kimo cha sentimita thelathini na nane, kwa hiyo tuchukue mguu mfupi, ukanifanya niyarudie mara mbili kama mwalimu. Nilikuwa nimeandika kwa biro kwenye kiganja: 38, MFUPI. Nilikunja ngumi, na Baba akachukulia kwamba nawe ulitaka mrefu. Unajua tulivyolelewa, unaijua chinsoni, heshima ile inayomzuia binti kumsahihisha babake mbele ya wageni. Nilijiambia ni hiyo. Lakini njiani tulikuwa wawili tu, na bado sikusema. Nilinawa mikono nyumbani, maandishi yakatoka.

Kwa hiyo nilijua mguu ule ungezama kupita kiasi, na ukifika kwenye maji mafupi ungegonga mawe. Wewe uliifunga hivyo hivyo, maana ng'ombe alikuwa ameshauzwa, na mguu ukagonga, ukavunjika, nawe ukapasuka uso. Na siku ya kikao cha wazee, Baba aliponiuliza mbele ya wote ulisema nini kwenye simu, nilijibu kwamba ulisema mrefu. Huo haukuwa woga tena. Ulikuwa uongo. Uliniangalia mara moja tu, ukaondoka bila kugusa chakula. Nilitaka kukukimbilia. Badala yake niliiosha sahani yako, ingawa ilikuwa safi.

Nimeandika barua hii nakala mbili. Ya pili nimeiweka ndani ya Biblia ya Baba, kwenye somo la lesoni ya Sabato ya wiki hii. Ijumaa jua likizama ataifungua, nami nitakuwa nimeketi mbele yake, maana nyumba hii haina mtu mwingine wa kutazamwa. Najua ataumia mara mbili, kwa ajili yangu na kwa ajili ya ile fimbo yake ya Gucha. Sijui atasema nini. Nakuomba jambo moja tu: usiiuze boti kabla ya Jumapili, na siku hiyo uiache simu yako ikiwa imewashwa.

Wasalimie wenzako wa ufukweni. Mungu akulinde majini na nchi kavu.

Ni mimi dada yako,
Edinah Kemuma Nyakundi