Maktaba ya Kwenye Bango

Jumamosi, Mwananyamala. Mvua imeanza alfajiri na bado inanyesha, na mimi nimejifungia chumbani kama mfiwa. Hakuna aliyekufa. Ni picha tu.

Nieleze kwa mpangilio, maana kupanga ndiyo kazi niliyosomea. Mimi ni mkutubi wa shule moja ya binafsi huku Kinondoni. Jumatano nilifika kazini nikakuta vitabu vyote vimepangwa upya kwa rangi, vyekundu peke yao, vya kijani peke yao. Hisabati imelala na hadithi za sungura. Namba nilizobandika kwa mkono wangu mgongoni mwa kila kitabu zimebanduliwa, eti zinaharibu muonekano.

"Mpiga picha anakuja, sista," meneja wa shule akaniambia. "Tunatengeneza bango la kuita wazazi. Kaa hapo katikati, shika kitabu, tabasamu."

Nikakaa. Nikatabasamu.

Mpiga picha alipoondoka, meneja akanivuta pembeni. Watoto wa chekechea wamezidi, chumba kinahitajika, vitabu vinakwenda stoo. Jumatatu niingie darasani kufundisha chekechea au niandike barua ya kuacha kazi.

Yaani bango linawaita wazazi waje kwenye maktaba ambayo hawataikuta.

Nililia, sitaficha. Nilipochagua kozi hii ya ukutubi na utunzaji kumbukumbu watu walinicheka, wakaniuliza kama nakwenda chuo kusomea kufuta vumbi. Siku hizo nilikuwa na majibu mengi. Tangu nimalize nimekwenda usaili wa serikali mara nyingi, mpaka tunaokutana ukumbini tunaulizana habari za watoto. Nafasi ni za kugombania. Mwenzangu mmoja aliyetuongoza kwa alama darasani sasa anauza mitumba, na anasema hataki hata kusikia neno kumbukumbu. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama mpaka kiuno kinauma, na mvunguni sijaona kitu.

Lakini picha ilikuwa nzuri. Nilipendeza, nilifanana na mtu niliyewaahidi nyumbani kwamba nitakuwa. Basi jana nikaituma kwetu Tukuyu bila neno lolote la chekechea wala stoo. Baba, mwalimu mstaafu, akaipeleka kwenye kundi la ukoo na kuandika chini yake: Mkutubi wetu.

Leo mchana akapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza, mdogo wako kaona picha yako, sasa uuguzi hautaki tena. Anataka maktaba kama wewe. Nafasi zote mbili amepata, na mwisho wa kuthibitisha ni kesho. Unasemaje?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Neno lilifika kabisa mdomoni. Nikamsikia mama kwa nyuma akimsimulia jirani habari za ile picha, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia siku nyingi.

"Ni kozi nzuri, baba," nikasema.

Kinachoniumiza ni kwamba naamini hivyo. Kozi ni nzuri. Mtoto akija anatafuta kitu asichokijua jina, ukamkabidhi kitabu chenyewe, hakuna kazi tamu kama hiyo. Ila mtu hali utamu akashiba.

Kisha Tumpe, huyo mdogo wangu, akachukua simu.

"Dada, nikimaliza chuo utanichukua hapo kwako?"

"Nitakuchukua," nikamjibu.

Tangu hapo sijala. Nimejaribu kumwandikia ujumbe, nafuta, naandika tena. Nikinyamaza, ataacha uuguzi kwa ajili ya chumba ambacho Jumatatu kitakuwa na mikeka na vikombe vya uji. Nikisema, mama atasikia kila kitu pamoja naye, maana simu ya nyumbani ni hiyohiyo moja ya baba.

Nimempigia sasa hivi, huku naandika. Inaita.

Mungu wangu, asipokee.