Kilo Thelathini Ndani ya Kochi la Nyuma

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako, na tafadhali nisome hadi mwisho ndipo unifokee, maana safu yako naisoma kila wiki na ulimi wako naujua. Mimi ni mshonaji, nina miaka sitini na moja, na mume wangu alikuwa mtunza stoo wa kiwanda kwa miaka thelathini na minne, mtu wa kuhesabu mpaka nati na boliti, kazini walimbandika jina la Leja na hata mimi nikimkasirikia namwita hivyo hivyo. Alipostaafu tulinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akalipasua ndani akaligeuza nyumba, kitanda kimo, jiko la gesi la mafiga mawili limo, sinki, makabati, na kochi huko nyuma kabisa ambalo sponji na vitambaa vyake nilishona mimi. Majirani wanaliita Kobe. Shabaha yetu ni kuwazungukia watoto wetu watatu, kila mmoja na mji wake, tulale kitandani kwetu wenyewe badala ya kufika na kuwahamisha wajukuu vyumbani.

Sasa Shangazi, gari la namna hii lina kikomo cha uzito, kimeandikwa kwenye kibati mlangoni, na kwa mume wangu kibati kile ni amri. Kila kinachoingia kinapimwa. Anayo mizani ile ndogo ya kusimama bafuni, anajipima mikono mitupu, kisha anajipima amekumbatia sufuria, anatoa, anaandika daftarini. Amekumbatia sufuria, ndoo, mito, mpaka ufagio, na mimi namwangalia najiuma midomo nisicheke. Kila mmoja wetu alipewa kilo arobaini za vitu vyake binafsi, hakuna kuongezewa. Vilivyokwisha kupimwa vinafungwa kwenye mfuko wa turubai niliomshonea, anatia kamba na lakiri ya plastiki kama za stoo, anaandika kilichomo na uzito wake na saini yake chini, na mfuko ukishatiwa saini haufunguliwi mpaka siku ya kutumika. Hiyo ndiyo sheria aliyokuwa nayo kazini na ameihamishia nyumbani.

Tatizo ni cherehani yangu. Ni ya mkono, ya chuma, ya zamani, nimeinunua kabla sijaolewa, nimeshonea sare za watoto wote watatu na gauni la harusi la binti yangu, mikono yangu hailali vizuri siku ambayo haijaigusa. Siku moja tunapanga vitu, wifi yangu yupo amekaa pale, mume wangu akaninyanyulia macho kutoka kwenye daftari, kalamu mkononi, akauliza, "Na cherehani je?" Mimi nikaisikia ile sauti ya stoo, nikajua anataka kunikatalia mbele ya dada yake, nikawahi kujibu, "Nimeshampa mwanafunzi wangu." Akaniangalia kidogo. Akasema, "Haya," akaandika kitu, tukaendelea na vikombe.

Na kweli nilikusudia kumpa huyo binti ninayemfundisha, Mungu ni shahidi wangu, lakini nilipofika mlangoni nimeibeba miguu ikagoma. Nikaificha chini ya kitanda cha wageni wiki nzima. Halafu siku mume wangu alipokwenda kununua skrubu nikachukua mfuko ulioandikwa "Mablanketi, kilo 6", lakiri sikuigusa, nikafumua mshono wa chini, nikaingiza cherehani ndani ya sanduku lake la mbao katikati ya mablanketi pamoja na pasi na mkasi wangu mkubwa wa kukatia, nikashona upya. Mshono wangu hauonekani, hilo hata leo najisifu. Nikaurudisha ndani ya kochi la nyuma ulikokuwa. Nilishavipima pia, kwa mafungu mawili, kwa mizani yake hiyo hiyo, nikivikumbatia hivyo hivyo kama yeye afanyavyo na sufuria. Kilo thelathini.

Basi tukalipeleka gari kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ana mizani ya malori. Daftari likasema hivi, mizani ikasema vile, imezidi thelathini. Mume wangu akacheka akasema nimekosea kujumlisha. Akakaa siku mbili akipima upya kila kisicho na saini, maana chenye saini kwake kimeshapimwa, tukarudi, thelathini. Akatoa spana zake, zile alizoagwa nazo kazini, daftari likashuka na mizani ikashuka sawasawa, lakini thelathini zipo palepale zinamtazama. Akatoa redio ya mbao aliyoachiwa na mama yake. Thelathini. Katika kilo zangu mimi hajagusa hata kitambaa. Na njiani tukirudi akawa analalamika kwamba mkia wa gari unayumba kwenye kona, kwamba mikono yake haishiki tena usukani kama zamani.

Juzi nimemkuta amekaa kwenye kidaraja cha kupandia mlangoni mwa Kobe, daftari magotini, analia. Shangazi, huyu mtu sikumwona akilia hata siku tunamzika mama yake. Akaniambia, "Mama watoto, baba alianza hivi hivi." Baba mkwe alikuwa karani, akaanza kukosea hesabu ndogo ndogo, haikupita miaka miwili akawa anamwamkia mume wangu kama mgeni. Akasema tena, "Mtu asiyejua kilichomo ndani ya gari lake asiliendeshe." Jumamosi ya wiki ijayo kuna mtu anakuja kulitazama Kobe alinunue.

Nimekonda. Nikimwambia ukweli, huyu ndiye mtu aliyemnunia kaka yake mwaka mzima kwa ajili ya bisibisi iliyoazimwa bila kuandikwa, je, mke aliyemdanganya miezi miwili na kufumua mfuko wenye saini yake? Nimewaza hivi: wiki ijayo akienda kunyoa niufumue tena mfuko, niitoe cherehani kimyakimya, nimpelekee yule binti kweli, tukapime mara ya mwisho, hesabu ikae sawa, afurahi, Kobe lisiuzwe, na hakuna atakayejua. Nifanye hivyo? Sema ndiyo, Shangazi, nikalale.

Na usidhani yeye hana makosa. Ananinyima nafasi wakati mwenyewe anaipoteza. Karibu na mlango wa ubavuni, chini, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, amejenga kikabati kizuri kuliko vyote, ndani amekitandika kipande cha blanketi, kina mikanda miwili ya kufungia na kibao cha kukunjua juu yake. Kabla ya kukitengeneza alinikalisha kwenye stuli akanipima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, eti anatafuta kimo cha meza ya chai. Mpaka leo kitupu. Vyote vina kibandiko cha jina, hicho tu hakina, nikimuuliza cha nini ananijibu, "Bado." Nafasi hiyo si ingetosha kuweka vitu vyangu?

Ni mimi,
Fundi niliyejishonea jambo


SHANGAZI ANAJIBU

Fundi,

Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyotaka. Sasa na wewe nisome hadi mwisho, na usome umesimama, maana nina wasiwasi na mahali unapopenda kukalia mambo.

Hapana. Jibu la swali lako ni hapana, na ningeweza kuandika neno hilo mara thelathini kama nafasi ya gazeti ingeruhusu. Hebu fikiri, bibie. Unaitoa cherehani kimyakimya, mnakwenda kupima, zile kilo zimetoweka. Unadhani mtunza stoo wa miaka thelathini na minne atafurahi? Jumatatu mzigo ulikuwepo, Alhamisi haupo, na yeye hakugusa kitu! Hapo ndipo ataamini kabisa kwamba kichwa kimekwisha. Leo anaogopa. Ukifanya hivyo utakuwa umempa ushahidi.

Nakuhurumia, usidhani sina moyo. Chombo kilichokulisha na kukuvalishia watoto si chombo cha kutolewa kwa neno moja mbele ya wifi, na mimi ningekuwa wewe mguu wangu ungegoma vilevile. Kuipenda cherehani si kosa. Hata kudanganya siku ile kwa kuona haya, tungesema ulimi umeteleza. Lakini bwana wako ametoa spana, wewe kimya. Ametoa redio ya mama yake, wewe kimya. Amekaa mlangoni analia kwa hofu ya ugonjwa wa baba yake, na dawa yake imo ndani ya mfuko ulioushona wewe, na bado ukasimama pale unapiga hesabu ya namna ya kujiokoa! Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeficha na sasa anayeumwa ni mwingine.

Tena umeificha vibaya. Mimi si dereva, ila kaka yangu amelala ndani ya magari ya namna hiyo nusu ya maisha yake, nimempigia simu nikamsomea barua yako bila kukutaja. Alipofika kwenye kochi la nyuma alipiga kelele. Kitu kizito kikikaa nyuma kabisa, nyuma ya magurudumu ya nyuma, kinavuta mkia, gari linayumba kwenye kona. Mikono ya mumeo haina shida yoyote. Ulimwekea chuma mkiani akadhani ni uzee. Na siku akikanyaga breki ghafla, pasi na mkasi na cherehani vinamfuata mbele alipo.

Kaka anasema vizito vikae chini, katikati ya magurudumu, vimefungwa mikanda. Vyepesi juu: nguo, mito, shuka. Vya kila siku karibu na mlango. Pande mbili zilingane. Nilipomaliza kumuuliza akaniuliza yeye, "Huyo mama amekipima hicho kikabati?"

Sasa chukua tepu yako, iko shingoni kwako hapo. Pima sanduku la cherehani kwa juu ya turubai, urefu na upana. Kisha nenda kapime kikabati kisicho na jina. Halafu kunjua kibao, weka stuli, kaa, weka mikono kama unayeshona.

Meza ya chai gani inayopimwa kwa kiwiko cha mtu mmoja? Chai tunakunywa wawili, na kikombe hakijali kiwiko kiko wapi. Kiwiko kinamhusu mshonaji. Mwanaume amejenga mahali pazuri kuliko pote garini, chini, katikati, akakutandikia blanketi chuma kisikwaruzike, akaja na daftari kukuuliza, "Na cherehani je?" Wewe ukasikia stoo. Dada yangu, alikuwa anakuuliza uzito wake aandike! Na kwa nini hakusema kitu ulipojibu umeigawa? Kwa sababu ni mtunza stoo. Stoo hawatoi kitu mwenyewe hajaomba, na hawamlazimishi mtu kuchukua alichosema hakihitaji. Amenyamaza na kikabati chake, miezi miwili, bila kibandiko. Hilo ni kosa lake na mwambie nimesema. Mtu mzima anaweza kufungua mdomo akasema, "Mke wangu, nimekutengenezea hiki." Nyumba yenu ina watu wawili waliokaa miaka yote hiyo pamoja na kila mmoja anangoja mwenzake aandike barua ya maombi.

Lakini zamu ni yako. Umeniambia wiki hii anakwenda kunyoa. Asiende kabla hujasema naye. Usimpikie kwanza, usimpambe kwa maneno matamu, usimwite wifi awe shahidi. Usianze na cherehani, wala na sababu zako, wala na machozi. Lete ule mfuko wa mablanketi, uweke juu ya kidaraja cha mlango mbele yake, kata mshono wako mwenyewe kwa mkasi wako mdogo, aone kwa macho yake kilichomo. Mwache alete mizani yake akumbatie chuma hicho akitaka. Apime mwenyewe, ajumlishe mwenyewe.

Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, na atanuna pengine mpaka mfike kwa mtoto wa pili. Kaka yake alinuniwa mwaka, wewe unalala naye kitanda cha futi nne, hataweza mwaka. Mwombe radhi kwa uongo na kwa mfuko, kila kimoja peke yake, maana kwa huyu mtu saini ni jambo zito. Kisha mrudishie redio ya mama yake ndani ya gari kwa mikono yako, na uzito wake utoe kwenye kilo zako arobaini. Spana vilevile. Ukibaki na magauni mawili, si una cherehani? Na mnunuzi wa Jumamosi apigiwe simu Ijumaa, aambiwe Kobe haliuzwi.

Hayo yote baadaye. Kabla ya mkasi kugusa uzi, kabla hajauliza mfuko unatafuta nini hapo, mtazame usoni na umwambie sentensi moja, uiseme polepole, uirudie mpaka uone mabega yake yameshuka: "Mume wangu, hesabu yako ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza."