Swali la Paskalina

Jumanne, Tumati

Swali lenyewe halikuwa baya. Nilikuwa nafundisha kidato cha nne jinsi ulimwengu ulivyoanza kutanuka, Paskalina akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini ulimwengu upo? Si ungeweza tu usiwepo?"

Nikasema sayansi ilishajibu, asome kitabu. Akauliza ukurasa wa ngapi. Darasa likacheka, nikahisi wananicheka mimi. Nikamtoa nje kwenye upepo, sweta lake likabaki kwenye dawati. Naona aibu hata kuandika.

Baada ya kipindi nilimfuata. Akanipa shikamoo kama vile sijamfanya kitu. Nikamwambia ukweli: sayansi inaeleza ulimwengu ulivyobadilika tangu mwanzo, lakini kwa nini upo, bado haijui. Na mimi sijui.

"Kwa hiyo sikuuliza ujinga?"

"Hapana."

"Basi naomba uwaambie na wenzangu, mwalimu. Wao wanaona niliuliza ujinga."

Nikamjibu kwamba muda umeisha. Ni kweli, kengele ilikuwa imelia. Lakini darasa zima lilikuwa bado limekaa, mlango uko wazi, na mimi nikaenda zangu ofisini kunywa chai.