Kofia Juu ya Sanduku

Baraka, Jumamosi asubuhi

Ndugu yangu Wilondja,

Wiki tatu zimepita tangu tukupandishe Fizi kukuzika karibu na baba yako. Leo mchana ukoo wenu unakutana hapa Baraka, nyumbani kwa kaka yako Alimasi, kuamua shangazi yako Nyota afanywe nini. Wanasema ni yeye aliyekuua. Mimi namjua aliyekuua. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu sijui kama mdomo wangu utafunguka mbele yao, na nikishindwa, angalau kuna mtu mmoja niliyemwambia yote.

Mengi yamebadilika. Garaji imefagiliwa hadi pembeni. Muzungu alitupa bobini zetu mbili za lori, zile za kutoa cheche, pamoja na ile batri kuukuu, akasema atakayeonekana tena akicheza na cheche atafukuzwa kazi. Sanduku lenyewe, lile la bati la kutunza umeme ulilolitoa kwenye redio ya mashua iliyokufa, limezikwa nyuma ya ghala la pamba. Wazee ndio walioomba lizikwe. Mkeo na watoto wako kwao Mboko kwa sasa. Mimi bado nakaza boliti, na upande wako wa benchi hakuna anayeweka kitu.

Shangazi yako hatoki nje. Mdomo uliponza kichwa, na mdomo wake unaujua. Siku ile alipotuletea bugali garaji akakuta cheche inalia kama bunduki, alisema mbele ya wafanyakazi wote: "Ile moto yako itakuua siku moja, na mi sitakulilia." Ukacheka, ukamjibu, "Shangazi, ulimi yako iko moto kuliko hii." Tulicheka sote, hata yeye. Sasa maneno yale ndiyo ushahidi. Mtu ameshang'oa miti ya paa la jiko lake, na wanawake hawachoti maji akiwa ziwani. Alimasi amesema watampeleka kwa mufumu apige ramli, na mufumu akimtaja kuwa mchawi, ataondoka Baraka bila hata jembe. Mwanamke aliyekulea tangu hujaota meno.

Nakumbuka cheche ya kwanza. Uliniita, "Etongwe, kuya uone," ukasogeza ncha mbili za waya hadi pakabaki nafasi ya kidole kimoja, na kitu cha buluu kikaruka katikati kikipiga kelele. Nilirudi nyuma nikaangusha ndoo. Wewe ulikuwa unanusa hewa, unaniambia ninuse na mimi, eti inanuka kama mahali palipopigwa radi. Sijawahi kumwona mtu mzima mwenye furaha ya namna ile. Nilikupenda kwa ajili yake, nalisema leo bila aibu.

Lakini hukuwa mjinga, na hilo linaniuma kuliko yote. Ulisimama juu ya ubao mkavu. Uliweka mkono mmoja mfukoni kila ulipokaribia waya. Ulinifundisha kwamba bobini inapiga cheche na sanduku linakunywa umeme, na hata ukiondoa batri sanduku linabaki na umeme wake kimya, saa nzima au zaidi. Ulinikataza kuligusa kabla ya kuunganisha pembe zake mbili za chuma kwa ule waya wenye mpini wa mti, ili lipige mlio wake wa mwisho. Na kwa kuwa mashine za pamba za chumba cha pili zilitunyima kusikilizana, ukaweka sheria ya kofia. Anayelimaliza sanduku umeme anaweka kofia yake juu. "Kofia ikikuwa juu, amelala," ulisema. Miezi yote ile sheria haikutudanganya hata mara moja.

Siku ile ulikuwa umekwenda kula kwa shangazi. Nilikuwa nalijaza sanduku peke yangu. Muzungu akaingia bila kupiga hodi, ghafla. Unajua tulivyo. Muzungu akiingia, kofia inatoka kichwani kabla akili haijapata habari. Mkono wangu wa kushoto ulichomoa waya wa batri asiusikie mlio, wa kulia ukavua kofia na kuiweka pale palipokuwa karibu, juu ya sanduku. Akasema mashua imefika, wote tushuke ufukweni kupakia pamba. Akasimama mlangoni mpaka nikampita.

Nilikumbuka, Wilondja. Hilo hakuna anayelijua. Nilikuwa ufukweni, mzigo wa kwanza uko mgongoni, nikaiona ile kofia kana kwamba iko mbele yangu. Ningeweza kuutupa mzigo na kukimbia, si mbali. Nyampara alikuwa ananitazama. Muzungu alikuwa ananitazama. Nikajiambia wewe unakula polepole, na shangazi akianza maneno yake hakuachi mapema. Nikabeba wa pili. Nikabeba wa tatu. Wa tatu ulikuwa bado mgongoni tuliposikia watu wanaita kutoka garaji.

Mvua ilikuwa imeanza, na paa lile linavuja. Ulirudi, ukaona kofia, ukataka kuliokoa sanduku lisilowane. Ulilinyanyua kwa mikono miwili. Kwa nini usingelinyanyua kwa mikono miwili? Nilikuwa nimekuambia limelala.

Kofia niliikuta sakafuni. Niliiokota, nikaivaa, nikalia pamoja na wengine.

Tangu hapo kila asubuhi napita kwa shangazi kumpa pole. Ananishika mkono, ananiambia mimi ndiye mtu pekee asiyemwogopa. Mjomba wangu, niliyemwambia habari ya kofia tu, ameniwekea nafasi katika mtumbwi unaokwenda Kigoma leo leo, na ananiambia nikisema, Alimasi atanivunja, au muzungu atanipeleka kwa polisi. Inawezekana vyote viwili. Naogopa, ndugu yangu. Naenda sasa.

Jioni

Nimerudi.

Nilisimama kabla hawajamwita shangazi. Nilieleza habari ya kofia kuanzia mwanzo, na mwanzoni hawakuelewa kitu. Mzee mmoja aliniuliza, "Mashine imezimwa, moto inatoka wapi tena?" Nikamwambia ni kama sufuria uliyoiepua jikoni, ukiishika bado inakuunguza. Akawageukia wenzake akawaeleza kwa Kibembe. Niliziona nyuso zinabadilika mmoja baada ya mwingine.

Alimasi aliinuka. Wanaume watatu walimshika, na maneno aliyoniambia siyaandiki hapa, wewe ni ndugu yake. Wakanitoa nje nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Baadaye sana wakaniita. Shangazi hana neno, miti ya jiko itarudishwa kesho na aliyeing'oa. Mimi wataniamulia siku nyingine, na mpaka siku hiyo nisitoke Baraka. Mtumbwi wa mjomba ulikuwa umeshaondoka.

Shangazi yako alitoka nyumbani kwa Alimasi akaja kusimama mbele yangu. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Akaniambia, "Kila asubui ulikuya kunipa pole. Ulikuwa unajua." Akaenda zake taratibu, mkono kiunoni. Watu wananiambia nimefanya vizuri, nimekuwa mwanaume. Wanasema hata nyampara ameniheshimu.

Wewe sikudanganyi tena. Niliwaambia habari ya kofia kwa sababu kofia ni bahati mbaya, mtu yeyote angeweza kuisahau. Ya ufukweni sikuisema. Niliifikia, nikaimeza, na wao wakaona nimemaliza.

Sikuombi msamaha leo. Pumzika na baba yako huko juu. Atakayefanya kazi garaji nitamfundisha ule mkono wa mfukoni na ule waya wenye mpini, muzungu apende asipende. Na nakuahidi hili, ndugu yangu: kesho kabla ya kanisa nitagonga mlango wa shangazi na kumwambia kwamba nilikumbuka, na kwamba niliendelea kubeba.

Kwaheri, Wilondja.

Etongwe