Mtungi wa Eero

Ivalo, Februari

Wifi yangu Kerttu,

Sisi tupo, tunasukuma siku. Makabati ya hili gari letu la kulala nayaacha wazi ili joto liyafikie mabomba, chini ya bomba la maji machafu nimetega ndoo, na bado tukiamka dirisha lina barafu kwa ndani. Mgongo wangu umekoma.

Juzi hita ya gesi ilizimika. Nikatoka kutazama: kaka yako Tauno alikuwa ameunganisha mtungi tuliorudi nao kutoka Hispania, ile gesi ya nchi za joto isiyotoka mtungini kwenye baridi. Tauno, aliyeifundisha kambi nzima ya magari hapa jambo hilo! Jirani yetu Veikko akatuazima mtungi wake huku akicheka, "Fundi, leo umejigandisha mwenyewe!" Tauno naye akacheka. Mimi sikucheka.

"Turudi nyumbani, mume wangu," nikamwambia.

"Tutaondokaje, na Eero yuko njiani analeta gesi?"

Wifi, kaka yenu Eero tulimzika mimi na wewe tumeshikana mikono. Mara ya kwanza nilimwambia Tauno ukweli, akalia kama ndiyo kwanza amesikia. Kesho yake akauliza tena. Siku hizi nikimimina kahawa, namimina na ya Eero.

Tauno haondoki hapa bila huo mtungi wa Eero. Basi njoo, wala usihangaike na mikate ya iliki. Lete gesi, na ukifika mlangoni, sema Eero ndiye aliyekutuma.

Wifi yako, hoi,
Aune