Mtu Asiyejua Njia

Dada yangu,

Shikamoo. Najua wewe barua zangu huzisomea pale pale mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kwa hiyo nakuomba kwanza ukae. Mgongo unaendeleaje? Vumbi la chaki bado linakukohoza? Mimi mzima, nakula na nalala, na yale mafua ya mwezi uliopita yameniacha. Na mwanangu Kasuku hajambo? Nauliza kama desturi, lakini habari zake nimezipata wiki iliyopita, na hazikutoka kwako. Ndiyo maana leo barua imekuwa ndefu.

Ngoja kwanza nijibu ugomvi wako. Umeniandikia kwamba sisi wa ofisi ya mitaala tunatunga viwango tukiwa tumekalia viti vya kuzunguka. Umesema kitabu kipya kinadai kila mtoto wa darasa la nne apime urefu wa meza kwa rula yake, na wewe una watoto sitini na wawili na rula nne, moja imekatika kwenye sentimita ya kumi na moja. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kulikoni. Halafu nikaona haya, maana hiyo sentensi ya rula niliiandika mimi. Nimeipeleka kwa wakubwa, na toleo lijalo litasema watoto wapime kwa makundi. Hata hivyo kiti changu hakizunguki, Dada. Kina mguu mmoja mfupi, nimeuwekea kijitabu cha mtaala wa zamani. Angalau nacho kimepata kazi.

Kama unavyojua, mwaka huu ndiyo mara ya kwanza jimbo zima kufanya upimaji mmoja, siku moja, saa moja. Mwaka jana tulipokuwa tunatunga maswali, mimi nilipewa swali la kuandika la darasa la nne. Kiwango kinataka mtoto aweze kueleza jambo kwa hatua, kwa mpangilio, mpaka mwisho. Wenzangu walipendekeza namna ya kupiga mswaki. Mwingine akasema kufua soksi. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani, chini kuna uwanja wa magari na ukuta mrefu, sioni hata jani, na moyo wangu ulikuwa umekwenda zake. Ulikuwa unatembea barabara ya kutoka shuleni kwetu mpaka nyumbani, ile tuliyokuwa tunashindana kuikimbia na wewe unanisubiri kwenye kona halafu unajifanya umechoka ili nikupite. Nikaandika: Mwelekeze mtu asiyejua njia, kutoka shuleni kwenu mpaka nyumbani kwenu. Likapita bila kuguswa hata neno. Hakuna aliyejua kwamba nimelitunga kwa sababu nimekumbuka kwetu.

Sasa nisikilize vizuri. Karatasi za watoto huja kwetu bila jina la mtoto wala la shule, ni namba tu. Na kabla ya kuanza kusahihisha, tunakuwa na siku ya kulinganisha. Kila meza inatoa karatasi moja yenye utata, inatolewa nakala kwa wasahihishaji wote arobaini, kila mtu anaipa alama kimya kimya, halafu tunafunuliana alama. Tusipolingana tunabishana mpaka tulingane, na uamuzi huo unatumika kwa watoto wote wa jimbo. Anayesimamia ni mkuu wetu wa upimaji, mama mmoja mnyoofu hata kwa kutembea. Tumempa jina la Rula, na analijua.

Karatasi ya tatu ilipogawiwa, nilianza kuisoma kama nyingine yoyote, kalamu mkononi. Mtoto amemwandikia mama yake. Anamwambia akitoka getini ageuke kushoto, asifuate njia ya daraja la mbao, kwa sababu lilisombwa na mvua na sasa watu wanazungukia kwenye daraja la saruji. Daraja la saruji mimi silijui, kwa hiyo nikaendelea kusoma nimetulia. Akasema apite kwa fundi baiskeli mmoja mdadisi, akiulizwa anakwenda wapi ajibu tu, kwa kuwa yule huuliza kila mtu na hana nia mbaya. Ahesabu nguzo sita za umeme. Nguzo nazo sizijui. Halafu nyumba yenye mlango wa kijani, ambao zamani ulikuwa wa buluu. Hapo nikarudi nyuma kusoma tena. Mstari uliofuata ulisema: asipige hodi, apande tu, ila ngazi ya tatu imelegea, airuke.

Dada, ni nani mwingine duniani mwenye ngazi ya tatu iliyolegea, ambayo baba aliahidi kuitengeneza tangu mimi sijaota meno ya mbele? Nikautazama mwandiko, nikaona herufi zimelala upande wa kulia kama zako, maana ni wewe uliyemfundisha kushika kalamu. Mwisho aliandika hivi, nimenakili neno kwa neno: “Mama nimekuandikia wewe kwa sababu njia imebadilika tangu uondoke na ndio maana huwezi kuja”.

Kanuni yetu ni fupi. Msahihishaji akiitambua karatasi, aweke kalamu chini, aseme, atoke nje. Mimi sikuweka kalamu chini.

Tulipofunuliana, nusu ya ukumbi walikuwa wametoa alama nne juu ya nne, nusu wametoa mbili. Ubishi ukawaka. Rula alisema swali linataka mtu asiyejua njia, na mama mzazi hawezi kukosa kujua kwake, kwa hiyo mtoto hakulielewa swali. Mwalimu mmoja mstaafu, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, akasema yeye haoni shida, maana mama ambaye hakuona daraja likivunjika wala mlango ukipakwa rangi, huyo njia haijui. Msahihishaji mwingine akadakia kwamba huenda mtoto anatia chumvi, mama gani huyo asiyefika kwake miaka yote hiyo. Watu wakacheka kidogo. Mimi nilijikaza kisabuni, nikaangalia meza.

Ndipo Rula akasema mtunzi wa swali yupo humu ndani, tumuulize alikusudia nini. Wote wakanigeukia.

Nilisimama. Ningesema mama anaijua njia, mwanangu angepoteza alama mbili, na siri yangu ingebaki salama. Nikafungua mdomo nikasema mama huyu hajui njia. Nikasema mtoto amejibu sawasawa, apewe zote. Rula akaandika uamuzi ule kwenye mwongozo, tukaendelea na karatasi ya nne. Katika bahasha nilizosahihisha baadaye nilikuta watoto kumi na saba waliomwelekeza mtu aliyeondoka kwao: baba, kaka, mama. Wote tuliwahesabia kuwa wamelijibu swali.

Siku ya pili asubuhi nilishindwa kubeba. Nikamfuata Rula ofisini kwake nikamweleza kwamba namba ile ni mwanangu wa kumzaa. Alinitazama mpaka nikatamani anigombeze tu yaishe. Akaniambia nimefanya kosa na ataliandika, na ameliandika. Karatasi ikapelekwa kwa wasahihishaji wawili wa ukumbi mwingine wasiojua lolote. Wamempa tatu, kwa sababu hakuweka nukta mahali pake. Wamesema kweli, Dada, mkazanie nukta. Kisha Rula akauliza nimekwenda nyumbani lini mara ya mwisho, na kwa nini sijaomba likizo.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kukuungamia, na nakuomba usiichane barua kabla ya mwisho.

Mimi nimeomba likizo, na nimepewa. Nimepewa kila mwaka kwa miaka mitatu. Kila nilipokuandikia kwamba kazi imebana, kwamba viwango vinazinduliwa, kwamba wakubwa wamekataa, nilikuwa nimekaa chumbani kwangu katika bweni la wafanyakazi nahesabu siku ziishe nirudi kazini. Mwaka jana nilifika mpaka kituo cha mabasi na begi na gauni la Kasuku, nikakaa kwenye benchi, basi likajaa, likaondoka, mimi nimekaa. Gauni lile sasa halimtoshi, bado ninalo.

Unakumbuka mara ya mwisho nilipokuja, yeye ana miaka saba? Nilipofungua mikono alikimbilia kwako, akajificha nyuma ya sketi yako, akakuuliza yule shangazi anaondoka lini. Wewe ulicheka ukasema mtoto ni mtoto. Mimi nilicheka pia. Lakini lile neno liliniingia, Dada, na halijatoka. Nilikuachia mtoto baada ya msiba wa baba yake, nikasema ni miezi sita tu, na bweni haliruhusu watoto. Miezi sita ikawa miaka minne. Nilijiambia kwamba kama ameshanisahau, basi nikija nitamchanganya. Uongo mtupu. Niliogopa kukimbiwa mara ya pili. Na yeye muda wote huo ananitafutia sababu, anasema ni daraja.

Usimlaumu kwa neno alilosema akiwa na miaka saba, na usimwambie kwamba mimi nilikuwa naweza kuja. Hilo nitamwambia mwenyewe.

Nina siku ishirini na moja kuanzia Jumamosi ijayo. Fomu imesainiwa, Rula aliisaini huku amesimama. Na huku ninakofanya kazi nimehama bweni, nimepata chumba cha kupanga kinachoruhusu watoto, nyumba ya pili kutoka shule, kina dirisha. Sitakulazimisha, wala sitamlazimisha. Tutaongea sisi wawili, halafu tutamuuliza mwenyewe. Akinikimbia, atakimbia, safari hii sitapanda basi kurudi kabla siku zangu hazijaisha.

Nisalimie walimu wenzako wote, na uwaambie habari ya rula nimeipata. Msalimie fundi baiskeli, ajiandae kuuliza. Nawe pokea shukrani ambazo sijui niziandikeje.

Msije kunipokea kituoni. Nitapita kwanza shuleni, nitaanzia getini, nigeuke kushoto, nifuate kila hatua kama alivyoiandika. Na ukipata fundi wa kutengeneza ngazi ya tatu, mwambie asubiri kwanza, nimeshaagizwa niiruke.

Ni mimi mdogo wako,
Kifutio